Mlango Uliohamishwa: Kanisa la Mbao la Urnes na Wasomaji Wake

Upande wa mashariki wa hori la Lustrafjord, ambalo ni tawi la hori kuu la Sognefjord huko magharibi mwa Norwei, pamesimama juu ya mashamba ya kijiji kanisa dogo la mbao lililopakwa lami. Anayetoka Solvorn, kijiji cha ng'ambo ya pili, huvuka maji kwa feri, kisha hupanda mlima, kwani kanisa liko kiasi cha mita 120 juu ya usawa wa bahari. Kwa mbali halina makuu. Halina ukubwa wa kumtisha mtu, wala mnara wa kushindana na milima iliyolizunguka. Lakini anayelizunguka hadi kufika kwenye ukuta wake wa kaskazini hukutana na mlango ambao umelipatia jina la Urnes nafasi katika kila kitabu kinachoeleza historia ya sanaa ya Ulaya ya Kaskazini.

Ni mlango mwembamba, ambao nafasi yake ya kupitia imekatwa kwa umbo linalofanana na tundu la ufunguo. Mbao zinazouzunguka zimechongwa kwa kina kirefu, hata nakshi yake inakaribia kujitenga na ubao uliozaliwa nao. Upande wa kushoto yupo mnyama wa miguu minne, shingo ameipinda, anamng'ata nyoka. Na nyoka naye anamng'ata yeye. Juu yao na pembeni mwao wamejaa nyoka wengine, au tuseme viumbe vyembamba visivyoamua kama ni nyoka au ni mimea, vinavyopanda, kushuka, kupishana na kufungana bila ya jicho kupata pa kuanzia wala pa kuishia.

Jambo la kwanza la kulifahamu juu ya mlango huu, na ambalo aghalabu hutajwa kwa haraka na kupitwa, ni kwamba una umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe. Pete za miti zilizohesabiwa na wataalamu zinaonyesha kwamba miti iliyojengea kanisa lililopo leo ilikatwa mwanzoni mwa miaka ya 1130, ilhali mlango ni wa mwaka 1070 hivi. Baina ya mkono uliouchonga na mkono uliousimamisha pale ulipo sasa ipo miaka ipatayo sitini, yaani umri wa mtu mmoja. Wataalamu wengi hudhani kwamba hapo awali ulikuwa mlango mkuu wa kanisa lililotangulia. Waliojenga upya hawakuutupa, wala hawakuuweka penye heshima ya mbele, upande wa magharibi. Waliuhamishia kaskazini, pamoja na mbao nyingine chache za nakshi hiyohiyo: nguzo moja ya pembeni, mbao mbili za ukuta, bamba la mlango, na sehemu za pembetatu zilizo chini ya paa.

Kwa hiyo, anayelisoma kanisa la Urnes anasoma kazi iliyotiwa ndani ya kazi nyingine. Swali la uhakiki si tu kwamba nakshi hii ina maana gani, bali ni maana gani iliyobaki nayo baada ya kung'olewa na kusimamishwa mahali pengine, na ni nani mwenye haki ya kuisemea.

Historia ya nchi yenyewe inahusika hapa. Dini ya Kikristo iliingia Norwei kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 10 na mwanzoni mwa karne ya 11, kwa mahubiri na kwa upanga pia. Mfalme Olav Haraldsson aliuawa katika vita vya Stiklestad mwaka 1030, na haukupita muda akahesabiwa kuwa mtakatifu. Mwaka 1070, basi, wapo wazee waliokuwa hai ambao babu zao walitoa sadaka kwa miungu ya zamani. Fundi wa mlango alikuwa mtu wa zama hizo za katikati. Jina lake halijulikani. Kilichobaki ni mkono wake tu, na mkono huo haukuwa wa mwanafunzi.

Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa chini ya sakafu katika miaka ya 1950 ulifichua matundu ya nguzo za kanisa la kale zaidi, pamoja na makaburi. Matundu hayo ni ushahidi wa namna ya ujenzi ambayo haikuweza kudumu. Wajenzi wa mwanzo walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo ndani ya udongo na kuufukia udongo pembeni mwake. Nguzo iliyozikwa hivyo hunywa maji ya mvua na theluji kwa chini, na baada ya miongo michache mguu wake huoza hata kama kiwiliwili chake bado ni kizima. Ndivyo ilivyokuwa kwa makanisa ya kwanza ya nchi ile. Hakuna hata moja lililosalia juu ya ardhi.

Waliojenga upya katika miaka ya 1130 walikuwa wameshajifunza. Waliweka msingi wa mawe, juu yake wakalaza boriti nene za mlalo, na juu ya boriti hizo ndipo wakasimamisha nguzo na mbao za ukuta. Udongo haukugusa tena mti. Kila ubao wa ukuta umesimama wima, chini umeingizwa katika mfuo wa boriti ya msingi, juu umeshikwa na boriti nyingine, na ubavuni una ulimi unaoingia katika mfuo wa jirani yake. Mti uliotumika ni msonobari uliokua polepole katika baridi, wenye utomvu mwingi, na nje ukapakwa lami iliyopikwa kutokana na msonobari huohuo. Kazi ya kupaka lami haikuisha siku ya ufunguzi. Imekuwa ikirudiwa kizazi baada ya kizazi, na lau ingaliachwa, yote yanayosifiwa leo yasingalikuwapo. Katika kuhesabu watunzi wa jengo hili ni haki kuwahesabu pia hao waliopanda ngazi na ndoo ya lami kwa karne tisa.

Makanisa ya aina hii yalikuwa mengi. Makadirio ya wanahistoria huanzia elfu moja na kupanda. Yaliyobaki nchini Norwei ni 28. Urnes ndilo linalotajwa kuwa la kale zaidi miongoni mwao, na takriban yote yalikuwa makanisa ya vijiji, yaliyojengwa na watu waliokuwa wakulima na mabaharia kwa wakati mmoja.

Kutokana na ubaharia huo umezuka usemi unaorudiwa na waongozaji wa watalii na waandishi wa vijitabu, kwamba kanisa la mbao la Norwei ni jahazi la Waviking lililopinduliwa. Usemi huo unapendeza masikioni, na anayeutamka huonekana amesema jambo la ndani. Lakini haustahimili kutazamwa kwa karibu. Jahazi la Kaskazini lilijengwa kwa mbao za mlalo, ubao mmoja ukiukalia mwenziwe kwa ukingo, zikafungwa kwa misumari ya chuma, na mataruma yakafuata umbo la ganda. Ukuta wa Urnes ni kinyume cha hayo. Mbao zake ni za wima, haziukaliani ukingo, bali zinaingiana kwa ulimi na mfuo, na nguvu yote imo katika fremu ya nguzo na boriti inayotangulia ukuta. Msomaji wa visiwani aliyewahi kukaa ufukweni akatazama chombo kikiundwa hatahitaji kushawishiwa sana kuona tofauti hiyo. Mikono huenda ilikuwa ileile, na tezo huenda ilikuwa ileile, lakini fikra ni nyingine. Kumwambia fundi wa kanisa kwamba alipindua jahazi ni kumnyima sifa ya kubuni jengo.

La kuchekesha ni kwamba jahazi limo kanisani kweli. Ni kinara cha chuma cha enzi za kati, kilichofuliwa kwa umbo la chombo, ambacho juu yake husimamishwa mishumaa. Fundi wa chuma alipotaka kutengeneza jahazi alitengeneza jahazi, na hakuacha nafasi ya mtu kubahatisha.

Ukweli ni kwamba waliojenga upya hawakuwa wakifikiri habari za bahari, bali habari za mawe. Anayeingia ndani hujikuta katika ukumbi uliozungukwa na nguzo 16 za mviringo, na katikati umeinuliwa juu kuliko pembeni, kama yalivyo makanisa makubwa ya mawe ya Ulaya ya wakati huo. Nguzo zina vichwa vya mraba vilivyopunguzwa pembe za chini, umbo ambalo linatokana moja kwa moja na jiwe. Baina ya nguzo na nguzo yapo matao ya nusu duara. Tao la jiwe husimama kwa sababu kila jiwe linalisukuma jiwe lenzake; mti hauna haja hiyo. Hapa tao limetengenezwa kwa vipande vya mbao vilivyopinda kama magoti, vinavyozuia fremu isiyumbe. Kwa hiyo umbo limeazimwa na kazi imebadilishwa.

Vichwa hivyo vya nguzo, vipatavyo hamsini pamoja na vile vya nguzo zilizoshikamana na ukuta, navyo vimechongwa. Wamo simba, kulungu, ndege, majoka, na kiumbe nusu mtu nusu farasi wa hadithi za Kiyunani. Hakuna ushahidi kwamba mchongaji amewahi kumwona simba. Alimpata katika michoro ya vitabu, au katika mawe ya makanisa ya kusini, au kwa kusimuliwa. Uchongaji wake ni wa kina kifupi, kila mnyama amewekwa katika uwanja wake na kuzungushiwa mpaka, kama neno lililotiwa ndani ya mabano. Ni kazi safi. Lakini anayetoka nje na kurudi ukuta wa kaskazini hana budi kukiri kwamba fundi wa ndani alikuwa akizungumza lugha ya kujifunza, na fundi wa nje alikuwa akizungumza lugha ya mama yake.

Nakshi ya mlango ina kanuni zake, na kanuni hizo zinaweza kuelezwa kama zinavyoelezwa kanuni za utungo. Kwanza, ina mistari ya unene wa aina mbili tu, mnene na mwembamba, na haiichanganyi. Mnyama mkubwa na nyoka wa utepe mpana ni wa mstari mnene. Vile vijinyoka vya uzi ni vya mstari mwembamba. Pili, kila mstari huvimba na kupungua taratibu, haukatiki ghafla. Tatu, mistari inapokutana, mmoja hupita juu na mwingine chini, kisha panapofuata zamu hubadilika, kama inavyosukwa jamvi. Nne, mizunguko imejengwa juu ya umbo la namba nane lililolegezwa, ambalo hurudi na kurudi bila ya kujikariri. Kwa kanuni hizo chache fundi amejaza ubao mzima, na bado ameacha nafasi tupu za kutosha kwa kivuli kufanya kazi yake. Mchongaji mdogo huogopa nafasi tupu, akaijaza. Huyu aliipima.

Wataalamu wa sanaa wameupa mtindo huu jina la kijiji, wakauita mtindo wa Urnes, na wameuhesabu kuwa wa mwisho katika mitindo ya sanaa ya zama za Waviking. Unaonekana katika mawe yenye maandishi ya runi huko Uppland nchini Uswidi, katika vito vya Denmarki na Uingereza, na ulipata maisha ya pili huko Ayalandi. Jambo hili la Ayalandi lina uzito wake katika hoja inayofuata, na litarejewa.

Sasa, mlango una maana gani? Zipo tafsiri mbili mashuhuri. Ya kwanza inasema kwamba hii ni dini ya kale iliyojificha katika ukuta wa dini mpya. Kwa mujibu wake, mnyama wa miguu minne ni kulungu anayekula majani ya mti mkuu wa ulimwengu, Yggdrasil, nyoka ni Nidhogg anayeutafuna mzizi wa mti huo, na mafungamano yote yale ni msukosuko wa siku ya mwisho ya miungu. Tafsiri ya pili inasema kwamba mnyama ni simba, simba ni Kristo, nyoka ni Ibilisi, na mlango unamkumbusha muumini vita anavyoviacha nje pindi anapoingia.

Tafsiri ya kwanza inapendwa zaidi na watu wa leo, kwa sababu ina ladha ya siri. Udhaifu wake uko katika tarehe. Maelezo ya mpangilio juu ya mti huo, kulungu wake na nyoka wake, yanajulikana hasa kutokana na kitabu cha Edda alichokiandika Snorri Sturluson wa Aislandi kiasi cha mwaka 1220, na yeye mwenyewe alikuwa Mkristo aliyekuwa akiwahifadhia washairi vijana istilahi za kale ili wasizipoteze. Mashairi aliyoyategemea ni ya kale kuliko yeye, hapana shaka. Lakini kukichukua kitabu cha karne ya 13 kikawa ufunguo wa ubao wa karne ya 11 ni kumfanya msomaji awe shahidi wa mambo aliyoyakuta. Aidha, mnyama wa Urnes hali majani. Anang'ata nyoka.

Tafsiri ya pili ina udhaifu wa namna nyingine. Ni kweli kwamba jengo lilikuwa kanisa tangu mwanzo, na haiyumkiniki kwamba waliolipia mlango walikubali kuweka ibada ya adui mlangoni pao. Lakini ikiwa simba ni Kristo, kwa nini naye anang'atwa? Na kwa nini fundi hakumtofautisha kwa alama yoyote, wala msalaba, wala taji, wala duara la nuru? Viumbe vyote vya mlango vimetengenezwa kwa mstari mmoja na jicho moja. Mshindi na mshindwa hawajatenganishwa. Wanaoipendekeza tafsiri hii hulazimika kuongeza wenyewe kile ambacho ubao haukusema.

Kosa la pande zote mbili ni moja: wanautazama mlango kama fumbo lenye jibu. Wanadhani nyuma ya nakshi kuna sentensi iliyofichwa, na kwamba kazi ya msomaji ni kuitoa sentensi hiyo na kuiacha nakshi kama ganda la nazi iliyokwisha kukunwa. Ndivyo wanavyosomwa pia washairi wengi, na ndivyo wanavyoharibiwa. Fundi huyu alirithi lugha ya mistari ambayo ilikuwa imesemwa na mafundi kwa vizazi kabla yake, kwa wafalme, kwa makaburi, kwa mataji ya vyombo na kwa silaha. Dini ilipobadilika lugha haikubadilika usiku mmoja. Alipoagizwa mlango wa kanisa, aliuchonga kwa lugha aliyokuwa nayo, kama vile mtu aliyebadili imani anavyoendelea kuomba kwa lafudhi ya kwao.

Hapo ndipo ushahidi wa Ayalandi unaposaidia. Katika nchi hiyo, iliyokuwa ya Kikristo kwa karne nyingi kabla ya Norwei, mtindo huohuo wa mistari ya nyoka ulitumika mwanzoni mwa karne ya 12 kupamba vyombo vitakatifu kabisa. Kasha la kengele ya Mtakatifu Patrick, na Msalaba wa Cong uliotengenezwa mwaka 1123 kwa ajili ya kuhifadhi kipande kilichoaminiwa kuwa cha msalaba wa Yesu, vyote viwili vimepambwa kwa viumbe hao waliofungamana. Walioagiza vitu hivyo hawakuwa wapagani waliojificha. Waliona kwamba nakshi hiyo ni nzuri, na kwamba kilicho kizuri kinafaa kupewa Mungu. Nakshi ilikuwa sarufi kabla ya kuwa imani, na sarufi inaweza kutumikia zaidi ya imani moja.

Hoja hii haiufanyi mlango kuwa pambo tupu. Vita vilivyochongwa pale ni vita kweli, na meno ni meno. Ila ni vita visivyokwisha, ambavyo fundi hakujipa mamlaka ya kuvitolea hukumu. Kijiji ambacho katika umri wa mtu mmoja kilishuhudia miungu ikiondolewa, wafalme wakiuana na makaburi yakihamishiwa kanisani, kilikuwa na sababu ya kuitazama nakshi hiyo na kujiona humo bila ya kuelezwa.

Linabaki swali la waliojenga upya. Kwa nini waliuhifadhi mlango? Jibu la watu wa vitendo ni kwamba mbao zilikuwa bado nzima, na msonobari mzuri hautupwi. Jibu la watu wa hisia ni kwamba waliupenda. Hakuna sababu ya kuyatenganisha majibu haya. Watu hawachukui taabu ya kung'oa, kubeba na kusimamisha upya mbao za nakshi kwa sababu ya uzima wake tu, kwani mbao nzima zisizo na nakshi zinapatikana kwa urahisi zaidi. Wala hawachukui mbao zilizooza kwa sababu ya mapenzi. Lililo muhimu zaidi kwa mhakiki ni namna walivyofanya. Hawakuifuta nakshi ya kale ili ilingane na ladha mpya ya matao na simba. Hawakujaribu kuiga nakshi hiyo ndani. Waliiacha iwe ilivyo, nje, na ndani wakasema yao. Mshono unaonekana wazi, na hawakuuonea haya.

Vizazi vilivyofuata vilifuata mwendo huohuo, ingawa kwa ustadi mdogo zaidi. Sehemu ya madhabahu ilirefushwa kiasi cha mwaka 1600. Katika karne ya 17 yakaingia madirisha, mimbari, viti, dari na rangi, na sanamu za karne ya 12 za Kristo msalabani, Mariamu na Yohana zikabaki juu ya uwazi wa kuingilia madhabahuni. Uko ubaya katika baadhi ya nyongeza hizi. Dari imeificha sehemu ya juu ya ukumbi, ambayo ndiyo iliyokuwa fahari ya wajenzi wa miaka ya 1130, na viti vimeubana mwendo wa nguzo. Hata hivyo anayetaka viondolewe atazame kwanza yaliyotendeka Borgund. Kanisa hilo, ambalo liko katika bonde jingine la Sogn, lilisafishwa katika karne ya 19 likaondolewa madirisha na vyombo vya karne za baadaye ili lirudi katika enzi za kati. Ni zuri mno, na picha zake zimeenea kuliko za Urnes. Lakini ni kama diwani iliyohaririwa hata msomaji hajui tena mshairi alikosea wapi. Urnes imebaki na makosa yake, na makosa hayo ni kumbukumbu za watu waliosali humo.

Hatari kubwa zaidi haikuwa rangi wala dari. Mwaka 1851 ilitungwa sheria ya makanisa nchini Norwei iliyotaka kila kanisa liwe na nafasi ya kuwaketisha sehemu tatu kwa kumi za watu wa mtaa wake. Nia yake ilikuwa njema, nayo ilikuwa kuwapa watu mahali pa kukaa. Matokeo yake yalikuwa kwamba makanisa madogo ya mbao, ambayo yalikuwa yameshapungua, yakabomolewa moja baada ya jingine ili kupisha majengo makubwa yenye kuta nyeupe. Mchoraji Johan Christian Dahl alikuwa ameshapiga kelele kabla ya hapo. Mwaka 1837 alichapisha kitabu cha michoro ya makanisa hayo kwa Kijerumani, na kanisa la Vang lilipokaribia kubomolewa alilinunua yeye mwenyewe. Halikupata pa kukaa nchini mwake. Lilisafirishwa vipande vipande mpaka Prussia kwa mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne, likasimamishwa katika milima ya Silesia, na leo liko Karpacz nchini Polandi.

Jirani wa Urnes lilipata ajali nzito zaidi. Kanisa la Fortun, lililokuwa mwisho wa hori hilohilo la Lustrafjord, lilinunuliwa na tajiri mmoja likahamishiwa Fantoft, karibu na Bergen, mwaka 1883. Likaitwa kwa jina la mahali pageni, likapambwa kwa kuiga mengine, likadumu huko miaka zaidi ya mia moja. Tarehe 6 Juni 1992 lilichomwa moto na kuteketea. Lililopo Fantoft sasa, lililokamilika mwaka 1997, ni nakala. Waliochoma makanisa nchini humo katika miaka hiyo walikuwa vijana, na baadhi yao walijinasibu kuwa warithi wa miungu ya zamani. Laiti wangaliusoma mlango wa Urnes, wangaliona kwamba wazee waliodai kuwarithi waliikabidhi lugha yao kwa kanisa kwa mikono yao wenyewe, na kwamba kuni walizozitia moto zilikuwa urithi waleule.

Urnes haikuhamishwa wala kuchomwa. Mwaka 1881 mtaa wake uliunganishwa na ule wa Solvorn, na jengo likawa mali ya chama cha kuhifadhi kumbukumbu za kale, Fortidsminneforeningen, kilichoasisiwa mwaka 1844. Mwaka 1979 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na mtaa wa Bryggen wa Bergen, vikiwa vya kwanza kutoka Norwei. Baina ya mwaka 2001 na 2015 ulitekelezwa mpango wa taifa wa kuyakarabati makanisa yote 28 yaliyosalia, na mafundi wakalazimika kujifunza upya namna ya kuchagua msonobari, kupika lami na kuchonga kwa shoka. Kujifunza huko ndiko faida kubwa kuliko zote. Jengo la mbao halihifadhiwi kwa ubao pekee. Huhifadhiwa kwa mkono unaojua kuutengeneza ubao mwingine.

Hasara nayo isemwe. Tangu mwaka 1881 kanisa hili limekuwa kwanza kitu cha kutazamwa. Ibada zimebaki kuwa za nadra, na wengi wanaofika huja majira ya joto, hununua tiketi, husikiliza habari za jahazi lililopinduliwa, hupiga picha za mlango na kuondoka na feri ifuatayo. Kijiji kilichoujenga mlango, kikauhamisha na kuupaka lami, kimekuwa mwenyeji wa wageni wa mlango wake. Ikilinganishwa na Vang na Fortun, hiyo ni bahati njema, na wanaochagua baina ya jengo lisilo na waumini na waumini wasio na jengo hawana uhuru wa kuchukia jibu lolote. Lakini ni hasara. Jengo lililojengwa kwa ajili ya watu kusimama pamoja halitimii kwa kutazamwa na mmoja mmoja.

Njia moja ya kuipunguza hasara hiyo imo mikononi mwa wasomaji wenyewe. Ni kuacha kumtaka fundi wa mwaka 1070 awe mpagani kwa ajili ya wale, au mhubiri kwa ajili ya hawa, na kuitazama kazi yake kwa muda unaolingana na muda alioutumia. Waliomtangulia msomaji wa leo walifanya hivyo. Walikuwa wakulima wa kijiji, kanisa lao la kwanza limeoza miguu, mikononi mwao wanao mti mpya, mafundi wapya na ladha mpya kutoka kusini. Walisimama mbele ya mlango ambao yumkini hata wao hawakuweza tena kuueleza, wakaona kwamba haufai kuachwa. Waliuinua kutoka kwenye udongo, wakausimamisha juu ya boriti iliyolazwa juu ya mawe, na ungali umesimama.